Jumatatu ya Mchungaji

  Leo ni Jumatatu, na mazungumzo yangu ni juu ya Jumatatu yenyewe.

Kwa seremala, Jumatatu ni siku ya kuanza kazi. Kwa mchungaji, tunaambiwa, ni siku ya kupumzika, kwa sababu Jumapili amesimama tangu ibada ya saa 1 asubuhi, akarudia ya saa 3, akabatiza, akakaa na kamati ya ujenzi, akaenda kumwona mgonjwa, na jioni akapatanisha watu wawili wa kwaya wasiosalimiana. Sasa nenda Mbagala, Tandika au Buza, au vuka jiji uende Tegeta, Boko na Bunju, umwulize mchungaji yeyote Jumatatu iliyopita alikuwa wapi. Uwezekano mkubwa atakwambia alikuwa makaburini. Wafu wetu wa Ijumaa na Jumamosi mara nyingi hatuwaziki Jumapili, maana Jumapili ina ibada na ndugu wa mkoani hawajafika. Tunawasogeza mbele. Wanamsubiri mchungaji kwenye siku yake ya kupumzika.

Kabla sijaendelea, niungame. Mimi ni mzee wa kanisa, mstaafu, nakaa Temeke. Miaka kadhaa iliyopita kijana wangu aliitwa kwenye usaili wa kazi mkoani. Usiku ule usingizi ulinikataa. Ilipofika saa 10 alfajiri nikampigia mchungaji, nikamwambia, baba, tumwombee kijana, basi lake linaondoka saa 12. Akaomba. Aliomba vizuri sana, kwa sauti ya chini iliyotulia, nami nikaitikia amina nikarudi kulala. Wiki mbili baadaye, kwenye kikao, mtu akagusia kwamba binti wa mchungaji ametoka wodini. Nikauliza, alilazwa lini? Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Usiku ule nilipompigia, yule baba alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali, na ndiyo maana sauti ilikuwa ya chini. Mimi nilidhani ni upako.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuniambia. Angesema tu, mzee, nipo hospitali na mwanangu. Nisingemlaumu. Nadhani sababu moja imo kwenye lugha yetu. Katika Kiswahili cha mji huu, neno kuchoka limepata ugonjwa. Ukisema fulani kachoka, hakuna anayeelewa kwamba anahitaji kulala. Tunaelewa kwamba mambo yamemwendea mrama: kisigino cha kiatu kimelika upande, kola imefumuka, nauli anakopa. Sasa mtu asimame madhabahuni aseme, ndugu zangu, nimechoka. Nusu ya waumini watasikia kwamba mfuko umetoboka, na nusu nyingine watasikia kwamba Roho amemwacha. Na mtaa wa tatu limefungwa turubai jipya, kuna spika kubwa kuliko zake, na kuna mtumishi ambaye kwenye bango lake hachoki hata kidogo, anatabasamu usiku na mchana.

Lakini tusiishie kwenye maneno, tuitazame kazi yenyewe. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 270,000. Sensa ya 2022 imeikuta na watu 5,383,728. Hao hawakujazana Posta wala Upanga. Wamejenga Chamazi na Mbande, wamejenga Madale na Bunju, kila mtu na kiwanja chake na tofali zake. Wametoka Kagera, Kilimanjaro, Mbeya, Ruvuma, wamekuja na godoro na ndoo. Ambao hawakuja nao ni wanne: babu, shangazi, mjomba, na mzee wa ukoo. Kazi za hao wanne nani kazichukua?

Ugomvi wa mke na mume ambao kijijini angeumaliza shangazi jikoni, unapelekwa kwa mchungaji. Kijana anayetaka kuoa na hana mjomba hapa jijini anamwomba mchungaji awe mshenga. Binti anayeogopa kuwaambia wazazi kwamba ana mimba anaanza kwa mama mchungaji. Kiwanja kimeuzwa mara mbili, shahidi ni mchungaji. Mtu kafa Yombo, mwili unasafirishwa Bukoba, ndugu hawaelewani juu ya jeneza: mwiteni mchungaji. Wanaofundisha watumishi chuoni huwafundisha Kigiriki kidogo, historia ya Kanisa na namna ya kuhubiri. Mtu anahitimu, anapangiwa Mbagala, na kumbe amepangiwa kuwa ukoo mzima wa watu ambao hawajuani hata makabila.

Na huyo ana nafuu. Mchungaji wa dayosisi, au padre wa parokia, juu yake yuko askofu na pembeni yake wapo wainjilisti au makatekista, na akistaafu kuna kitu kidogo. Yupo mwingine, na huyu ndiye amejaa pembezoni mwa jiji. Alianza na watu sita wakiomba sebuleni kwake, wakahamia kwenye banda la mabati, kwenye kiwanja chake mwenyewe. Yeye ndiye mwasisi, ndiye mhasibu, ndiye anayeweka umeme wa LUKU, ndiye anayesimama juani fundi akichanganya zege. Saruji iliyokopwa dukani imeandikwa jina lake. Likizo ataiomba kwa nani? Akiondoka wiki mbili hana hakika atawakuta wangapi, na wala hana hakika kiti chake atakikuta kitupu.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa watu waliokuwa wakijitolea kwenye zahanati ya bure, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Walianza na moto mkubwa, na baada ya muda wakawa kama nyumba iliyoungua ndani, kuta zimesimama. Baadaye Christina Maslach, mwanasaikolojia wa California, akatafuta namna ya kuipima hali hiyo, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaieleza rasmi, likisisitiza kwamba haihesabiwi kuwa ugonjwa, ni matokeo ya shinikizo la kazi la muda mrefu lisiloshughulikiwa. Alama zake wanazitaja tatu: nguvu kwisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuanza kuichukia, na kujiona hufai, kwamba unachokifanya hakizai kitu.

Bibi zetu waliokuwa wakitumia vibatari walilijua hili bila kufika New York. Kibatari kikiishiwa mafuta hakizimiki papo hapo. Kinaanza kula utambi. Kwa dakika chache mwali unarukaruka, moshi unazidi, na mtu aliye mbali anaweza kudhani taa ndiyo kwanza inawaka. Nikimwona mtumishi ameongeza mikesha, ameongeza mikutano, sauti imekauka na bado anapiga kelele, siku hizi siulizi kama anawaka. Nauliza kinachoungua ni nini.

Katika alama zile tatu, ya kwanza tunaiona wote. Ya pili ndiyo inayojificha, na ndiyo inayouma. Mchungaji anaanza kuwachukia watu wake. Si chuki ya matusi. Ni simu inaita, anaona jina la mwenye simu, na tumbo linamkaza. Ni msibani, mjane analia, naye macho yake yanatafuta saa ukutani. Anaanza kuwapachika watu majina ya utani akiwa na mkewe: yule wa pepo wa Alhamisi, yule wa kodi ya nyumba. Akiingia madhabahuni anawahurumia kwa maneno yote yanayotakiwa, na anajua mwenyewe kwamba ni maneno. Hii hali inamtisha mtumishi kuliko njaa, kwa sababu anaisoma kama dhambi. Anafunga siku tatu ili itubiwe. Sasa mwili uliokuwa umechoka umechoka pia kwa njaa.

Najua wapo wanaonisikiliza ambao tayari wameifungua Isaya 40. Ifungueni, ni neno la Mungu. Ila mkimaliza, rudini nyuma kwa Eliya: leo yuko Karmeli moto unashuka, siku chache baadaye yuko chini ya mretemu anaomba afe, na malaika hakuja na semina. Alikuja na mkate na maji, na mtu akaachwa alale, mara mbili.

Tatizo letu ni kwamba tumejifunza kuusifu uchovu. Barabara inayopita Tegeta na Bunju, ukiifuata mpaka mwisho inakufikisha Bagamoyo, kwenye misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa 1868. Watu wengi huenda pale kuangalia mnara ambamo mwili wa Livingstone ulipumzishwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mimi nikifika huenda makaburini. Soma miaka iliyochongwa pale, utoe mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa. Vijana wa miaka ishirini na kitu, thelathini na kitu. Walipanda meli Ufaransa wakijua uwezekano wa kurudi ni mdogo, na homa ikawamaliza, wengine bila hata kukaa sana. Sisi tuliosoma dini shuleni tumelelewa na makaburi ya namna ile. Tumefundishwa kwamba mtumishi wa kweli hufia shambani mwa Bwana akiwa amevaa viatu. Siwadharau wale vijana, Mungu awape pumziko. Ila wao waliuawa na mbu, na dawa ya wakati ule haikuwaokoa. Sisi tunammaliza mtu kwa simu, na dawa tunayo.

Tumeona pia nini kinatokea watumishi wakipungua ghafla. Machi 2021 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alisema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili walikuwa wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60, kwa matatizo ya kupumua. Tulihesabu waliokufa. Waliobaki walichukua misa za marehemu, makaburi ya marehemu, na hofu yao wenyewe ya kikohozi, wakaendelea. Hatukuwahi kukaa nao chini na kuwauliza, ninyi mlipitaje pale? Nami sikuuliza. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kuombewa.

Cha kushangaza, Kanisa lenyewe liliona mbali kuliko waumini wake. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 533, inamruhusu paroko kuwa nje ya parokia kwa likizo hadi mwezi mmoja kila mwaka, na siku za mafungo ya kiroho hazihesabiwi humo. Imeandikwa. Haina maombi wala fadhila ndani yake. Niliwahi kumwambia rafiki yangu Mkatoliki wa Mtoni habari hiyo, akacheka akaniuliza, sasa huo mwezi nani atatuzika? Lilikuwa swali la mzaha, na lilikuwa swali la kweli. Sheria imempa paroko mwezi, jumuiya haijampa hata Jumatatu.

Hapo ndipo kila mhubiri humtaja Yethro, mkwe wa Musa, aliyemkuta Musa anaamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, watu wamejipanga, akamwambia atajimaliza yeye na watu wake, ateue viongozi wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka. Tumeisikia mpaka tunaikariri. Lakini soma mistari ya mwanzo wa sura hiyo, ile ambayo huwa tunairuka. Yethro hakuja kufundisha uongozi. Alikuja kumrudishia Musa mke na watoto wawili. Sipora na wanawe walikuwa wamerudishwa kwao, wanakaa kwa mzee. Mtu aliyepasua bahari, aliyelisha taifa jangwani, nyumba yake ilikuwa imehamia kwa mkwe. Na aliyethubutu kumwambia kwamba afanyalo si jema alikuwa mkwe, kuhani wa Midiani, mtu wa nje ya kusanyiko, ambaye hakuwa anamtegemea kwa lolote. Wazee wa Israeli walikuwapo siku zote, wameona foleni, wamenyamaza. Na wao walikuwa kwenye foleni.

Kwa hiyo niwataje kina Sipora wa hapa kwetu. Mama mchungaji hana barua ya ajira, hana mshahara, na hana ruhusa ya kuugua. Akichelewa ibadani inasemwa. Akivaa vizuri inasemwa, akivaa vibaya inasemwa zaidi. Wageni wa mumewe ni wake, chai yao ni yake, na siri zao anazibeba bila kuruhusiwa hata kuonyesha kwamba anazijua. Watoto wao wanajua kwamba baba ni wa watu wote, na mtoto wa mchungaji akipigana shuleni hapigani kama mtoto, anapigana kama aibu ya kanisa. Siku moja mama mmoja wa namna hii aliniambia, mzee, mume wangu mnamrudisha nyumbani kama mnavyorudisha sufuria za msibani, zimeshatumika na hazijaoshwa. Sikuwa na jibu, na wala hakuwa anatafuta jibu.

Kuna jambo sipendi kulisema na nitalisema kwa ufupi. Mei 2024, kule Dodoma, tulipata habari za kifo cha askofu mmoja, na polisi wakasema alijiua. Sitachimba zaidi, ana familia, na familia husikiliza redio. Sijui moyo wa mtu, wala sisemi ni nini kilimfikisha pale. Ninachokumbuka ni maneno yetu ya wiki ile, kwenye daladala na vijiweni. Kila mtu aliuliza, mtu wa Mungu anawezaje? Sikumsikia aliyeuliza, mtu wa Mungu huwa anazungumza na nani? Na kama kuna mtumishi ananisikiliza sasa hivi na usiku wake umekuwa mzito kiasi hicho, baba, mama, usikae nao peke yako. Mwambie mtu mmoja leo. Muhimbili wapo madaktari wa afya ya akili, na kwenye hospitali zetu za rufaa za mkoa, Temeke na Mwananyamala, watakuelekeza pa kuanzia. Ukiumwa jino hukimbilii kujiuliza kama una imani.

Kuzungumza na nani: zamani palikuwa na jibu. Wale ndugu wa Uamsho, ulioanzia Gahini huko Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Uganda mpaka Bukoba, walikuwa wakikutana kila wiki na hapakuwa na kiti cha mkubwa. Mchungaji aliketi benchi moja na mpishi wake, na zamu yake ikifika alisema alipoanguka wiki hiyo kama wengine walivyosema. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 katika mkutano uliofanyika hapahapa Dar es Salaam alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa benchi hilo. Sisemi lilikuwa kamilifu. Ndugu wengine walipenda kuungamisha kuliko kuungama, na mambo ya chumbani yalianikwa ambayo hayakupaswa kuanikwa. Lakini mchungaji alikuwa na mahali pa kuvua joho. Leo wachungaji wa Temeke wanakutana kwenye semina, na semina ina mgeni rasmi.

Sasa niwaambie tulichofanya sisi, kidogo tu, na hakikwenda vizuri kama ninavyopenda kukieleza.

Kikao cha wazee kilipokaa, mimi ndiye niliyeleta hoja, kwa sababu ya ile simu ya saa 10 alfajiri, ingawa sikuieleza. Tulinunua kitochi, simu ya bei ndogo kabisa, na laini mpya. Namba ikatangazwa Jumapili tatu mfululizo: kuanzia Jumapili jioni mpaka Jumanne asubuhi, mwenye shida apige hapa. Kitochi kinazunguka kwa wazee, kila mmoja na wiki yake, pamoja na daftari la mistari. Mzee wa zamu anaandika nani kapiga, saa ngapi, shida gani. Mchungaji anaitwa kwa mtu anayekata roho, basi. Na mazishi ya Jumatatu, kama hayakwepeki, anakwenda mwinjilisti pamoja na wazee wawili.

Mwezi ulipokwisha tukalisoma daftari kikaoni, kwa sauti. Mama anauliza sare za kwaya zinagawiwa lini. Kijana anataka barua ya utambulisho ya benki, saa 3 usiku. Mtu anatafuta viti vya plastiki alivyoazimisha msibani, viwili havijarudi. Mtu anaomba mkopo. Huyohuyo anaomba tena, kapunguza kiasi. Mume na mke, saa 6 usiku, wanapokezana simu. Mtu anapiga, anasikia si sauti ya mchungaji, anakata, mara nne. Mtu anauliza kama ni kweli ibada ya pili ina mhubiri mgeni, ili ajue kama aje. Katika daftari lote zilikuwamo simu mbili ambazo kweli zilikuwa za mchungaji, na moja mchungaji aliitwa akafika, na yule mgonjwa akafa mkono wake ukiwa umeshikwa. Nyingine mzee wa zamu hakuujua uzito wake, akaiandika tu, akalala. Kwa ajili ya simu hiyo tulimwomba mtu msamaha, na bado inaniuma. Mwenyekiti alipomaliza kusoma alilifunga daftari akabaki nalo mkononi, na kwa muda hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Majina yetu wenyewe yalikuwamo.

Lawama hazikukosekana. Ikasemwa mchungaji siku hizi anaringa, kaajiri sekretari. Familia moja ikahamia kwenye turubai la mtaa wa tatu, ambako mtumishi anapokea simu mwenyewe. Tuliwatembelea. Hawajarudi.

Lakini aliyetushinda zaidi ni mchungaji mwenyewe. Jumatatu ya kwanza nilimkuta kanisani ananyoosha mabenchi. Nikamwuliza, baba, huku unafanya nini? Akasema alikuwa anapita. Jumatatu ya pili alimpigia mzee wa zamu mara tatu kuuliza kama kuna mtu amepiga. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukitegemea. Nilidhani simu ndiyo iliyomkamata, kumbe naye ameishikilia. Mtu akihitajiwa na watu miaka kumi na tano, usiku na mchana, siku isiyo na anayemhitaji inamfunulia shimo. Anajiuliza, kama hakuna anayeniita, mimi nani? Hilo hatuwezi kulimaliza sisi kwa kitochi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema wahenga, na kweli sisi wazee tuliuona mwepesi: tumeshika simu, tumemaliza. Ilibidi mtu akae naye. Aliyekaa naye si mzee wa kanisa letu. Ni mchungaji mstaafu wa dhehebu jingine, anaishi Kijichi, wanacheza bao. Sijui wanazungumza nini na sitaki kujua. Najua kwamba mara ya kwanza mchungaji wetu alifungwa vibaya, akarudi akicheka, na mkewe alinipigia kuniambia.

Baadaye akapata kipande cha shamba huko Vikindu, ekari moja na nusu, kapanda mihogo. Jumatatu anaondoka asubuhi na jembe na redio ndogo. Miezi mingine anakosa Jumatatu mbili, miezi mingine anazipata zote nne. Mihogo yake, niseme ukweli, ni miembamba.

Zamu ya wiki hii ni yangu. Studioni hapa simu haziruhusiwi, kwa hiyo kitochi nimemwachia mke wangu pamoja na daftari, na nimemwonyesha pa kuandika. Nikitoka hapa nitapanda gari la Rangi Tatu, nikifika nitamwuliza nani kapiga. Kama ni wewe uliyekuwa ukimtafuta mchungaji tangu asubuhi, yuko Vikindu. Ongea na mama Temeke, atakusikiliza, na mimi nitakurudia kabla ya saa 8.